Mlio wa Sensa Si Hirizi

Leo naweka pembeni siasa za mjini. Nataka tuzungumze kuhusu bampa. Ndiyo, bampa za nyuma za hizi gari za kukodi zinazotoka mjini kila siku, zinapita Tunguu, Jozani na Kitogani, zinafika Paje, zinakata kushoto na kuingia Bwejuu.

Simama nyuma ya mojawapo utaona vidoti vinne vyeusi vimepangwa kwenye bampa kama vifungo vya kanzu. Chungulia ndani, juu ya dashibodi utaona kioo kidogo kinachojichaji kwa jua, kina picha ya gari na namba nne. Vidoti ni sensa za kuegesha gari. Kioo kinaonyesha upepo wa tairi. (Sensa hii si ile ya kuhesabu watu ya mwaka 2022, ingawa ile angalau ilifika hadi shamba kuhakikisha kila mtu amehesabiwa!) Gari kuukuu kutoka Japan haikuja na vitu hivi. Vimenunuliwa kwenye boksi, vikafungwa na fundi chini ya mwembe, na sasa papasi anamwambia mgeni: gari hii ina kila kitu.

Hoja yangu ni hii, na naomba nisizunguke. Sensa iliyofungwa bila kujaribiwa ni hatari kuliko kutokuwa na sensa kabisa. Tajiri anayekodisha gari ya namna hiyo anastahili kuulizwa kama anavyoulizwa mwenye gari isiyo na breki.

Najua wengi mtasema, mwanahabari huyu kakosa habari. Subirini kidogo.

Dereva asiye na sensa anajua kwamba hana. Kwa hiyo anageuza shingo, anatazama vioo vyote vitatu, na akiwa na shaka anashuka. Dereva mwenye sensa anasikiliza. Sasa tatizo ni hili: kimya cha sensa kina maana mbili. Maana ya kwanza, nyuma hakuna kitu. Maana ya pili, chombo kimekufa. Masikio ya dereva hayawezi kutofautisha kimya hiki na kile. Mtu anarudi nyuma kwa kujiamini kumbe waya umeshaliwa na chumvi tangu mfungo uliopita.

Na Bwejuu si uwanja wa maegesho wa uwanja wa ndege. Ukitoka kwenye lami kuelekea pwani unaingia njia za mchanga na mawe ya matumbawe, kuta za mawe pande zote, mnazi hapa, kisima pale. Watoto wanatoka skuli, jioni wanakwenda chuoni. Akina mama wanarudi pwani na viroba vya mwani, wengine wameinama wanaanika. Baiskeli imeegeshwa popote. Hapo ndipo mgeni anapoingiza gia ya kurudi nyuma.

Tukumbushane sheria za vitu hivi zilianzia wapi, maana watu wanadhani vilibuniwa kwa ajili ya kupamba gari. Mwaka 2000 kampuni ya Firestone ililazimika kurudisha tairi karibu milioni 6.5 huko Marekani, nyingi zikiwa zimefungwa kwenye gari aina ya Ford Explorer. Tairi zilikuwa zinabanduka zikiwa kwenye mwendo, gari zinapinduka, na vifo vilivyohusishwa na mkasa ule vilizidi 200. Upepo mdogo na joto vilikuwa sehemu ya mjadala mzima. Mwaka huohuo Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria, na kufikia Septemba 2007 kila gari ndogo mpya iliyouzwa kule ililazimika kuwa na chombo cha kumwonya dereva upepo ukishuka kwa asilimia 25. Ulaya nao wakafuata, na tangu Novemba 2014 gari mpya ya abiria haiuzwi kule bila chombo hicho.

Na kurudi nyuma je? Mwaka 2002 mtoto wa miaka 2 aliyeitwa Cameron Gulbransen aligongwa na gari ya nyumbani kwao ikirudishwa nyuma. Aliyekuwa anaendesha ni baba yake mzazi. Sheria iliyopewa jina la mtoto huyo ilisainiwa mwaka 2008, na kuanzia Mei 2018 kila gari ndogo mpya Marekani ni lazima iwe na kamera ya nyuma. Kwa hiyo, ndugu zangu, sheria hizo zimetoka makaburini. Kuna watu walizika ndipo zikaandikwa.

Sasa tazama dhuluma ilivyo. Mgeni anayetua kutoka Ulaya anaiamini sensa kwa sababu kwao sheria imeifanya iaminike. Gari yake ya nyumbani ikikosea, taa inawaka kumwambia kuna hitilafu. Hapa anakabidhiwa gari yenye vidoti vilevile na mlio uleule, huku wengi wao wanaendesha upande wa kushoto kwa mara ya kwanza maishani. Imani anakuja nayo kutoka kwao, na gari anaikuta kwetu. Katikati anasimama mtoto wa Bwejuu.

Haya, tuingie gereji.

Sensa ya kuegesha inapiga sauti kali sana ambayo sikio la binadamu halisikii, kama mizunguko 40,000 kwa sekunde, kisha inasubiri mwangwi. Sauti inakwenda karibu mita 340 kwa sekunde. Kitu kikiwa mita 1 nyuma ya bampa, mwangwi unarudi baada ya kama elfu 6 za sekunde, yaani sehemu 6 kati ya 1,000. Kisanduku kinahesabu, spika inalia. Ni akili ileile ya popo kwenye mapango yetu.

Lakini popo hafungwi na fundi mwenye haraka. Sensa inataka kukaa kama sentimita 50 hadi 60 kutoka ardhini, itazame nyuma moja kwa moja au iinuke kidogo. Nyuma ya sensa nyingi kuna alama inayoonyesha upande wa juu. Ukiifunga kichwa chini, inatazama ardhi na kulia muda wote. Ukiifunga juu mno, mtoto aliyekaa chini anapita chini ya upeo wake. Tundu likitobolewa kubwa kuliko sensa, inacheza, na mtikisiko wa bampa unageuka kuwa kelele. Ikifungwa karibu na bomba la moshi au ndoano ya kukokotea, inakiona kitu hicho kila siku.

Fundi anafanya nini dereva anaporudi kulalamika kwamba gari inalia bila sababu? Hapa ndipo ninapokasirika. Badala ya kupanga upya, anachomoa waya wa spika! Au anaziba sensa moja kwa gundi. Mlio umekwisha, mteja ameridhika, vidoti vinne bado viko kwenye bampa vinametameta. Gari niliyowahi kuipanda kwenda Bwejuu ilikuwa hivyo hasa. Nilishuka nikasimama nyuma, dereva akaingiza rivasi, nikasogea hadi goti likagusa bampa. Kimya. Nilipomuuliza alinijibu, "Hizo za wageni tu, kaka." Za wageni tu!

Kosa jingine ni umeme. Sensa hizi huchukua umeme kwenye waya wa taa ya rivasi. Swichi ya rivasi kwenye gia ikifa, au fyuzi ikikatika, taa inakufa na sensa zinakufa nayo, kimya kimya. Kwa hiyo kipimo cha kwanza hakihitaji hata fundi: ingiza rivasi, mtu mwingine atazame kama taa nyeupe inawaka. Haiwaki? Usizungumzie sensa. Halafu maungio ya waya. Fundi anasokota nyaya kwa vidole, anazungushia selotepu, basi. Kwenye hewa ya chumvi ya pwani ya mashariki, shaba ile inageuka kijani baada ya miezi michache. Maungio yachomwe kwa risasi, yavalishwe mpira unaobana kwa joto, yapandishwe juu yasikae kwenye maji. Kazi hiyo inaongeza nusu saa. Nusu saa tu jamani!

Hata ikifungwa vizuri, sensa ina mipaka na dereva anapaswa kuambiwa. Ukuta inauona vizuri. Nguzo nyembamba, waya, au tawi la mkandaa vinaweza kuiponyoka. Kitu laini kinameza sauti badala ya kuirudisha, na nguo ni kitu laini. Mama aliyejifunga kanga mbili na kubeba kiroba cha mwani uliolowa si ukuta. Mchanga na matope yakikauka juu ya sensa ndiyo kabisa, inakuwa kama mtu aliyefungwa kitambaa mdomoni.

Tupige na hesabu ndogo. Gari ikirudi nyuma kwa kilomita 5 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea, inakwenda mita 1.4 kila sekunde. Sensa nyingi za bei nafuu zinaanza kulia kitu kikiwa mita 1.5 hivi. Dereva akichukua sekunde 1 kusikia, kuelewa na kukanyaga breki, amebakiwa na sentimita 10. Akirudi kwa kilomita 10 kwa saa, mguu unafika kwenye breki wakati mambo yameshaharibika. Maana yake hata sensa nzima, iliyofungwa na fundi bora Unguja yote, inamsaidia tu yule anayerudi polepole kuliko hatua za miguu. Nani amemwambia mgeni hivyo wakati wa kumkabidhi funguo?

Twende kwenye upepo.

Vifaa vingi vinavyouzwa huku ni vile vya kofia: unatoa kifuniko cha valvu, unazungushia sensa mahali pake, basi. Rahisi mno, na ndiyo sababu watu hawafikiri. Kofia ile inakandamiza kipini cha valvu muda wote ili ipate kupima. Maana yake valvu yako sasa iko wazi daima, na kinachozuia upepo usitoke ni kimpira kidogo ndani ya kofia. Punje moja ya mchanga wa Bwejuu ikikaa pale, tairi inavuja. Chombo ulichonunua kikuonye kuhusu upepo kimegeuka kuwa mwizi wa upepo! Dawa yake ni maji ya sabuni: mwagia kila kofia baada ya kuifunga, subiri dakika moja. Povu likichemka, fungua, safisha, badilisha kimpira.

Pili, chumvi. Kofia nyingi zina nyuzi za alumini na valvu nyingi ni za shaba nyeupe. Metali mbili tofauti zikikutana na chumvi na unyevu zinalana, na baada ya muda kofia inaganda. Unapoilazimisha kwa koleo, valvu inakatika na tairi inakwisha hapo hapo. Anayeishi pwani azifungue mara kwa mara, azifute, azirudishe kwa mkono bila koleo.

Tatu, uzito. Valvu za mpira zilitengenezwa kubeba kifuniko chepesi cha plastiki. Kofia yenye betri inapozunguka kwa kasi inaivuta valvu nje, na mpira wa zamani unapasuka shinani. Pinda valvu kwa kidole. Ukiona nyufa, badilisha valvu kabla ya kufikiria sensa.

Nne, na hii ndiyo kubwa: mipaka ya kengele. Kifaa kinatoka kiwandani na namba zake, fundi anakifunga na namba hizohizo. Hajui gari hii inataka upepo kiasi gani! Naye hana sababu ya kutojua. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna kibandiko. Maandishi ni ya Kijapani, sawa, lakini tarakimu si za Kijapani. Ukiona 220 ujue ni kilopaskali, ambazo ni karibu psi 32, au bar 2.2. Asilimia 25 chini ya hapo ni 165, yaani psi 24. Hapo ndipo kengele isichelewe kulia, na ikilia mapema zaidi ni bora. Upepo upimwe asubuhi tairi ikiwa baridi. Ukitoka mjini hadi Bwejuu kwenye jua la Januari utakuta namba imepanda, psi 3 au 4 hivi, na hilo ni jambo la kawaida. Anayepunguza upepo wakati huo amejipunja: kesho asubuhi tairi zake ziko chini.

Tena kuna mchezo wa mchanga. Gari ikikwama, dereva anapunguza upepo hadi psi 18 ili tairi ikanyage kwa upana. Ni ujuzi halali na unafanya kazi. Lakini akishatoka, pampu hana, na kioo kinapiga kelele njia nzima. Anafanya nini? Anakigeuza kifudifudi! Kisha anaingia lami, anakimbiza kilomita 50 na zaidi kurudi mjini. Tairi yenye upepo mdogo inajikunja kila mzunguko, inapata joto kutoka ndani, kuta zake zinachoka. Haipasuki siku ile. Inapasuka siku nyingine, ikiwa na abiria wengine ambao hawakuwahi hata kukanyaga mchanga.

Mengine ni madogo lakini yanapoteza watu. Baada ya kuhamisha tairi za mbele kwenda nyuma, kila sensa ifundishwe upya mahali pake, la sivyo kioo kitakwambia kulia mbele wakati kinachovuja ni kushoto nyuma. Sensa za masafa ya 315 hazisemi na kioo cha 433, kwa hiyo usinunue moja moja kwa kubahatisha. Kioo kikipoteza mawasiliano, chomoa kwanza chaja ya simu ya bei rahisi kabla ya kulaumu betri. Na gari ikiwa imesimama, namba unayoiona inaweza kuwa ya jana. Kumbukeni nilichosema kuhusu kimya: namba iliyoganda ni kimya kilichovaa nguo.

Sasa majibu kwa wapinzani wangu, maana nawajua.

Wa kwanza anasema: dereva mzuri hahitaji sensa. Kweli kabisa! Basi ziondoe. Toa vidoti, ziba matundu, mwambie mgeni gari haina. Hilo ni jambo la heshima. Kinachonikera ni kuuza jina la usalama huku usalama wenyewe haupo.

Wa pili anasema: sisi masikini, gari kuukuu, tusiige Wazungu. Ndugu yangu, ulishaiga. Ulishalipa boksi, fundi na matundu manne. Kujaribu ni bure. Geji ya mkono ya kupimia upepo ni rahisi kuliko kifaa chote cha kofia nne, na haina betri ya kuisha. Umasikini haujawahi kumzuia mtu kumwagia tairi maji ya sabuni.

Wa tatu anasema: mgeni amesaini karatasi, kosa ni lake. Karatasi ile inamlinda tajiri dhidi ya mgeni. Mtoto anayecheza nyuma ya gari hakusaini popote.

Basi tufanye nini? Nina mapendekezo manne.

Kwanza, jaribio la dakika 5 kabla ya kila kukodisha. Taa ya rivasi iwake. Futa sensa kwa kitambaa. Mtu mmoja asimamishe bomba la plastiki la inchi 3 nyuma ya bampa, alipitishe kona moja hadi nyingine, kisha alilaze. Ambapo sensa haikulia, mgeni aonyeshwe kwa macho yake. Halafu pima tairi zote kwa geji ya mkono, pamoja na ya akiba ambayo kwa kawaida haina sensa, na linganisha na kioo.

Pili, wakaguzi wa magari ya biashara waweke sharti jepesi: chombo cha usalama kilichofungwa kwenye gari ama kifanye kazi ama kitolewe. Hatudai kila gari ya Unguja iwe na sensa. Tunadai iliyo nayo isidanganye.

Tatu, Mamlaka ya Mafunzo ya Amali iwape mafundi wetu kozi fupi ya vifaa hivi. Kijana anayejua kuchoma waya kwa risasi, kusoma kibandiko cha mlangoni na kupanga mipaka ya kengele ana ajira kisiwa kizima. Na Taasisi ya Viwango Zanzibar itupie jicho maboksi yanayoingia, angalau maelekezo yawe katika lugha ambayo fundi anaisoma.

Nne, watu wa Bwejuu wenyewe. Ninyi ndio wenye njia. Hoteli na nyumba za wageni zinaweza kutenga mahali pa kugeuzia gari palipo wazi, mbali na njia ya kwenda pwani na ya kwenda chuoni, ili gari ziingie na kutoka kwa mbele. Gari isiyorudi nyuma haihitaji sensa yoyote.

Wazee wetu walivaa hirizi na bado waliangalia njia. Sisi tumevalisha gari hirizi ya plastiki, tukafumba macho. Tajiri mwenye gari, unayesoma hapa sasa hivi, nenda nje, mwite mtu aingize rivasi, simama nyuma. Ukisikia kimya, unajua la kufanya kabla hujampa mtu funguo kesho.

Naomba kuwasilisha.